Sumaku Haioni Dhahabu

Kwenye matuta ya mwamba wa chuma yanayouzunguka mji wa Geita, dira hukosea. Ukiishika mkononi ukapanda kutoka bondeni, sindano huanza kuyumba kidogo kidogo, na ukifika kwenye mwamba wenyewe, ule wenye mistari myeusi na myekundu iliyolaliana kama kurasa za kitabu, huenda ikakuonyesha kaskazini isiyo kaskazini. Kwa mpima mipaka hiyo ni kero. Kwa anayetafuta madini ni habari njema, kwa sababu mistari ile myeusi imejaa magnetaiti, madini ya chuma yenye usumaku kuliko yote yanayopatikana kwa kawaida, na sehemu kubwa ya dhahabu ya Geita, ile iliyogunduliwa 1898 na kuchimbwa chini ya ardhi kuanzia 1936 hadi 1966, ilijikusanya ndani ya mwamba huo au ubavuni mwake.

Magnetometa hupima kile kinachoiyumbisha dira. Habari zake zimewafikia wachimbaji wadogo, na swali linaloulizwa ni lilelile: ninunue, au niunde mwenyewe? Kwa maoni yangu swali hilo huja mapema mno. Linatanguliwa na jingine: je, katika eneo lako dhahabu imefuatana na kitu ambacho sumaku inaweza kukitambua? Na nyuma yake lipo la tatu, ambalo watu hulikumbuka fedha zikiwa zimekwisha kutoka: nani atatembea mistari kwa nidhamu, na nani ataisoma ramani? Nitayachukua yote matatu, kwa sababu nimeona mtu akilijibu lile la kununua au kuunda peke yake akabaki na chombo kizuri ndani ya sanduku.

Tuanze na jambo ambalo lazima lisemwe waziwazi. Dhahabu haina usumaku wa kupimika. Hakuna magnetometa, ya bei yoyote, inayoiona. Inachoona ni majirani zake. Mfano bora ninaoujua ni wa Afrika Kusini. Mwaka 1930 mtaalamu wa Kijerumani, Rudolf Krahmann, alitambua kwamba chini ya tabaka za dhahabu za Witwatersrand zimelala tabaka za mwamba wa udongo mgumu zenye magnetaiti, na kwamba nafasi kati ya hizi na zile inajulikana. Magharibi ya Johannesburg tabaka za dhahabu zilikuwa zimepotea chini ya mwamba mnene wa dolomaiti, na hakuna aliyejua zinaelekea wapi. Krahmann akapima usumaku juu ya dolomaiti, akaufuata mwamba wenye magnetaiti ambao macho hayauoni, na kwa kuujua huo akakisia dhahabu ilipo. Kampuni iliyoundwa 1932 kufuata ramani yake ilizaa migodi ya West Wits, baadhi ikiwa miongoni mwa migodi tajiri zaidi duniani. Alitembea juu ya dhahabu bila kuipima hata mara moja. Alichokuwa nacho ni ujuzi wa jiolojia wa kumwambia kwamba kitu kinachopimika kimelala umbali fulani kutoka kwa kitu kinachotafutwa.

Geita kuna ugumu zaidi, na hapa wengi hujikwaa. Mtu akisikia kwamba dhahabu iko kwenye mwamba wa chuma, hukimbilia pale usumaku ulipo mkali kuliko kwingine kote. Lakini maji ya moto yaliyoleta dhahabu mabilioni ya miaka iliyopita yalikuja na salfa. Salfa ilipokutana na magnetaiti ilikula chuma chake ikafanya pairaiti, yale madini ya manjano yanayowadanganya wageni, na katika kubadilika huko dhahabu iliyokuwa imeyeyuka majini ikatua. Pairaiti haina usumaku. Kwa hiyo mahali dhahabu ilipotua vizuri, usumaku wa mwamba unaweza kuwa umepungua, na kinachotafutwa kwenye ramani ni pale mstari mkali unapokatika, unapopinda au unapofifia ghafla. Kuna mahali pengine katika ukanda uleule, kama Kukuluma, ambapo salfa ilifanya pirotaiti, na hiyo ina usumaku wake. Huwezi kuyajua hayo ukiwa umeketi nyumbani. Unayajua kwa kuyashika mawe.

Ndiyo maana kipimo cha kwanza hakigharimu zaidi ya bei ya soda. Chukua sumaku ndogo kutoka spika iliyokufa, ifunge kwenye uzi mwembamba, uiache ining'inie. Isogeze karibu na mbale, yaani jiwe la madini, iliyopimwa ikaonekana ina dhahabu, kisha karibu na jiwe tupu la ukuta wa duara (shimo la kuchimbia) lilikotoka, kisha karibu na mawe ya maduara ya jirani. Andika kipi kinavuta na kipi hakivuti. Ikiwa mawe ya dhahabu na mawe matupu yote yameiacha sumaku ikiwa imetulia, magnetometa haina la kukuambia juu ya duara hilo, hata ukinunua ya bei ya gari. Mishipa mingi ya kwatzi nyeupe iliyopita ndani ya granaiti iko hivyo. Lakini tofauti ikijitokeza, upande wowote ule, una sababu ya kuendelea.

Jirani mwingine anayejulikana ni mchanga mweusi. Kila aliyewahi kukarai anaufahamu: unabaki chini ya karai pamoja na dhahabu kwa sababu wote ni wazito, na sehemu yake kubwa mara nyingi ni magnetaiti. Katika mashapo ya mito, kama yale ya Lupa kule Chunya yaliyovuta watu kuanzia 1922, mkondo wa zamani uliofukiwa unaweza kuacha alama ya usumaku pale mchanga mweusi ulipojikusanya. Alama hiyo ni hafifu, na inahitaji chombo kizuri na mkono mtulivu.

"Fundi, hiyo inaona mita ngapi?" Hilo huulizwa na kila anayekukuta umeshika kifimbo chenye kitambuzi, na ukitaka kuwa mkweli hulijibu kwa namba moja. Usumaku wa kitu kidogo hufifia kwa mchemraba wa umbali: ukirudi nyuma mara mbili, alama inapungua mara nane. Sheldon Breiner, aliyeandika mwongozo wa vyombo hivi mwaka 1973, alitoa kanuni ya mkono inayosema tani moja ya chuma ikiwa umbali wa mita 30 hivi hutoa nanotesla moja (kizio cha kupimia nguvu ya usumaku), na ikiwa mita 3 hutoa karibu 1,000. Mwamba wa chuma wenye urefu wa kilomita hauko hivyo. Ndege huuona ikipita mita 120 juu yake. Kinachoamua ni ukubwa wa kitu, magnetaiti iliyomo na kina, vyote kwa pamoja.

Anayejibu swali hilo kwa namba moja, tena akaongeza kwamba mashine yake inatofautisha dhahabu na shaba kwa kubonyeza kitufe, ni tapeli. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa watu wanauza ng'ombe kununua vifaa vyenye antena mbili zinazozunguka mkononi. Mwaka 2013 mahakama ya Uingereza ilimfunga James McCormick miaka 10 kwa kuuza kifaa cha aina hiyo, ADE 651, ambacho kiliuzwa kwa majeshi na polisi kama kigunduzi cha mabomu. Asili yake ilikuwa kidude cha kutafutia mipira ya gofu, na ndani yake hamkuwa na kitu kinachofanya kazi. Detekta ya kweli ya dhahabu ipo, nayo huona punje karibu na uso wa ardhi kwa njia nyingine kabisa, kwa kutuma uga wa sumaku unaobadilika-badilika na kusikiliza mkondo wa umeme unaoamshwa ndani ya punje. Hiyo ni kazi yake. Magnetometa ni ya kuchora ramani ya mwamba.

Sasa twende kwenye namba, kwa sababu ndizo zinazoamua ununue nini. Uga wa sumaku wa dunia katika Kanda ya Ziwa una nguvu ya nanotesla 33,000 hivi. Ulaya ya kati ni karibu 49,000. Mwamba wa chuma ulio karibu na uso wa ardhi unaweza kuongeza au kupunguza maelfu ya nanotesla. Mkato wa doleraiti, ule mwamba mweusi mgumu uliopenya kama ukuta, hutoa mamia. Mchanga mweusi uliofukiwa hutoa makumi au pungufu. Simu yako ina kitambuzi cha sumaku, lakini kimetengenezwa kwa ajili ya dira: namba zake huchezacheza kwa mamia ya nanotesla simu ikiwa imelala mezani. Juu ya tuta la chuma inaweza kukuonyesha kwamba kitu kipo. Kwa kazi nyingine yoyote haifai, na programu za simu zinazodai kutafuta dhahabu hazina msingi.

Vyombo vya dukani vimegawanyika katika koo tatu. Ukoo wa protoni ndio mkongwe na mnyenyekevu zaidi: G-856 ya kampuni ya Geometrics ya Marekani imetembea porini kwa miongo kadhaa, inasoma hadi sehemu ya kumi ya nanotesla, na haijali umeishika umeelekea wapi alimradi ishara inapatikana. Ndugu yake ni aina ya Overhauser, kama GSM-19 ya GEM Systems ya Kanada, inayotumia umeme mdogo na kusoma haraka zaidi. Ukoo wa pili ni wa mvuke wa sesiamu au potasiamu. Huu husoma mara nyingi kwa sekunde, unatembea bila kusimama, na bei yake ni ya kampuni. Wa tatu ni flaksigeti, uliovumbuliwa miaka ya 1930 na kutumika katika Vita vya Pili vya Dunia kuwinda nyambizi. Kwa chombo kipya cha kupimia miamba, iwe protoni au Overhauser, tarajia bei ya maelfu mengi ya dola kabla ya usafiri na ushuru.

Kwa hiyo anayenunua peke yake huishia kwenye chombo kilichotumika. Si vibaya. Protoni haina kitu kinachochakaa sana isipokuwa nyaya, betri na kimiminika ndani ya chupa. Ila usilipe kabla ya kukipeleka uwanjani, mbali na mabati na nyaya za umeme, ukakisimika kwenye mti usiosogea na kuchukua vipimo 20 mfululizo. Vikipishana kwa nanotesla moja au chini yake, chombo kizima. Vikiruka kwa makumi, chupa imevuja, waya umekatika ndani, au muuzaji anakuficha jambo. Tikisa kichwa cha kitambuzi karibu na sikio: kimiminika kilichopungua utakisikia kikicheza. Muulize pia chombo kimewekewa masafa ya uga gani, kwa sababu nitakayoieleza hivi punde.

Sasa kuunda. Naipenda sana njia hii, na nitaieleza kwa kirefu, kwa kuwa vitu vyake vyote viko Kariakoo na maelezo yaliyopo yameandikwa kwa ajili ya nchi za mbali.

Wamarekani wawili, Martin Packard na Russell Varian, ndio walioonyesha 1954 kwamba kiini cha hidrojeni, yaani protoni, kinaweza kupima uga wa dunia. Chukua chupa ya plastiki ya mafuta ya taa. Mafuta hayo yamejaa hidrojeni. Izungushie waya wa shaba wenye vanishi, uleule wanaoutumia mafundi wa kusuka mota, mizunguko mia tano au sita. Pitisha umeme wa betri ya volti 12, ampea moja au moja na nusu, kwa sekunde chache. Ndani ya koili unakuwa uga wenye nguvu mara mia tatu hivi kuliko wa dunia, na protoni nyingi kiasi zinaelekea upande mmoja. Kata umeme ghafla. Protoni zikiachwa na uga wa dunia peke yake zinaanza kuyumba kama pia iliyochoka, zote pamoja, na myumbo wao unazalisha kwenye koili ileile ishara ya mikrovolti chache tu inayodumu sekunde moja au mbili kabla ya kuzimika. Kasi ya myumbo huo ni kanuni ya maumbile: nanotesla 23.487 kwa kila hezi moja. Hakuna cha kurekebisha, hakuna cha kulinganisha na chombo kingine. Ukihesabu masafa, umepima uga.

Kwa uga wa 33,000, masafa ni hezi 1,400 hivi. Ujerumani ni karibu 2,090. Hapo ndipo anayenakili mchoro wa Ulaya anapoanguka. Koili huunganishwa na kapasita ili iitikie masafa yanayotarajiwa na kuyaziba mengine. Kwa kuwa kapasita inayohitajika huongezeka kwa mraba wa kushuka kwa masafa, kapasita ya Kanda ya Ziwa lazima iwe zaidi ya mara mbili ya ile iliyo kwenye mchoro. Koili ya milihenri 30, kwa mfano, inataka mikrofaradi 0.43. Mtu asiyejua hili huunda chombo kisicho na kosa lolote, kikanyamaza kimya, naye akadhani ameshindwa ufundi.

Kosa la pili ni la mwelekeo. Protoni huimba vizuri koili ikiwa imekingama na uga wa dunia, na hufifia koili ikilala sambamba nao. Huko kaskazini ya mbali uga unazama karibu wima ardhini, kwa hiyo wao huilaza koili na kazi inakwenda. Kwetu uga umelala, umeinuka digrii 25 hivi tu ukielekea kaskazini. Ukiilaza koili ikatazama kaskazini, ishara inabaki sehemu moja kati ya tano. Ilaze itazame mashariki na magharibi, ama isimamishe wima. Tena usitumie koili moja. Tumia mbili pacha zenye chupa zake, zilizounganishwa kinyume, ili kelele za nyaya za umeme zinazofika kwa zote mbili zifutane na ishara za protoni zijumlike. Porini, mbali na gridi, unaweza kusamehewa. Karibu na karasha na jenereta huwezi.

Sehemu ngumu ni amplifaya, ambayo lazima ikuze mikrovolti mara mamia ya maelfu bila kuanza kupiga kelele yenyewe, na kihesabio, ambacho kinataka saa ya kristali yenye uhakika wa sehemu 30 kwa milioni au bora zaidi ili kufikia nanotesla moja. Fundi wa redio mwenye subira anaweza yote mawili. Mimi ningemwambia atenge miezi, wala asiahidi tarehe.

Njia ya pili ya kuunda ni nyepesi zaidi kwa mkono na ngumu zaidi kwa akili. Vitambuzi vya flaksigeti vilivyo tayari vinauzwa, na kipo kitambuzi kidogo kiitwacho RM3100, cha makumi ya dola, ambacho kelele yake ni nanotesla 15 hivi. Ukikiunganisha na kompyuta ndogo ya chipu moja na kadi ya kumbukumbu, baada ya wiki una chombo kinachoandika. Lakini vitambuzi hivi hupima uga kwa kufuata mhimili wao. Kikiinama digrii moja kwenye uga wa 33,000, kinaweza kukuletea alama ya nanotesla 576 isiyotoka ardhini. Ukipanga viwili kwenye fimbo moja, kimoja juu na kimoja chini, ili usome tofauti yao, mabadiliko ya uga ya kila saa yanajifuta, jambo zuri sana. Ila visipokuwa sambamba kwa sehemu ya kumi ya digrii tu, kosa laweza kufikia 58. Kutengeneza fimbo iliyonyooka kiasi hicho, isiyopinda kwa jua la saa saba, ni kazi kubwa kuliko umeme wote ulio ndani yake.

Hata hivyo kuna mahali kitambuzi cha namna hii kilichoundwa nyumbani kinaishinda protoni ya dukani. Juu kabisa ya mwamba wa chuma uga hubadilika kwa kasi mno kutoka upande mmoja wa chupa hadi mwingine, protoni zinapishana hatua, na ishara inakufa kabla haijahesabiwa. Vitambuzi hivi havijali hilo. Kwa mwamba wa maelfu ya nanotesla, kelele ya 15 si kitu. Hivyo kwa mchimbaji wa Geita ambaye kazi yake ni kufuata mwamba wa chuma na kutafuta unapokatika, chombo cha bei nafuu kilichoundwa kwa uangalifu kinatosha. Kwa anayetafuta mkondo uliofukiwa kule Chunya, akiunda ataunda protoni, la sivyo aazime au akodi.

Chombo kikiwa mkononi, kazi ndiyo inaanza. Leseni ndogo ya uchimbaji Tanzania, inayotolewa kwa miaka saba, haizidi hekta 10 kwa dhahabu. Ikiwa mraba, kila upande ni mita 316. Weka mistari kila baada ya mita 20 na upime kila mita tano: ni mistari 16 au 17, zaidi ya kilomita tano za kutembea, vipimo elfu moja na ushei. Kwa protoni ya kusimama na kusoma, ni siku mbili za watu wawili, mmoja akisoma na mwingine akishika kamba na daftari. Mistari ikate mwamba, isiende sambamba nao. Haya ndiyo yote, na ndiyo yanayorukwa: watu hutembea ovyo wakifuata namba kubwa, na jioni wana namba nyingi zisizoweza kuwa ramani.

Uga wenyewe hautulii. Kila siku jua likiwaka, mikondo ya umeme angani hupandisha na kushusha kipimo kwa makumi ya nanotesla, na mabadiliko makali zaidi huja kati ya asubuhi na adhuhuri. Chagua kituo kimoja nje ya mwamba, kipigie kigingi, ukirudie kila nusu saa, uandike saa na namba. Tofauti utakayoiona hapo uiondoe kwenye vipimo vya katikati. Siku ya dhoruba ya jua usipime kabisa. Tarehe 10 na 11 Mei 2024 dunia ilipata dhoruba iliyoushusha uga katika nchi za tropiki kwa karibu nanotesla 400. Aliyekuwa porini siku ile bila kituo cha kurudia alichora madini ambayo hayapo.

Na chuma chako mwenyewe. Niliwahi kupoteza siku nzima ya vipimo kwa sababu ya buti zenye chuma kwenye vidole. Namba zilipanda kila nilipogeuka kuanza mstari wa kurudi, nikadhani ni mwamba, na nilikuja kuelewa usiku nilipoona kwamba mistari yote ya kwenda ilikuwa chini na yote ya kurudi ilikuwa juu, kama milia ya pundamilia. Nililazimika kurudi kijijini na kuomba siku nyingine kwa watu waliokuwa wamesimamisha kazi kunipisha. Tangu hapo huvaa kandambili au raba, na kabla ya mstari wa kwanza husimama mahali pamoja, nikageuka pande nne na kulinganisha. Panga, funguo, simu, mkanda, saa, kofia ngumu yenye skrubu, vyote hubaki kwenye mti. Pikipiki ikae mita 20 mbali, gari mita 30 au zaidi. Fimbo iwe ya mwanzi au bomba la plastiki, na kitambuzi kiwe juu, mita mbili au tatu kutoka ardhini, hasa palipo na mabuye mekundu ya laterite. Mabuye hayo yana maghemaiti, chuma chenye usumaku kilichozaliwa na hali ya hewa yetu ya joto na mvua, na ukipima karibu nayo ramani inajaa madoa ya kokoto badala ya mwamba.

Ramani ikipatikana, ndipo mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya nchi za mbali kaskazini, kama Kanada, unapogeuka kuwa hatari kweli. Kule, mwamba wenye magnetaiti huonekana kama kilele, na mtu anachimba kileleni. Hapa kwetu, kwa sababu uga umelala, mwamba unaoelekea mashariki na magharibi mara nyingi huonekana kama bonde: namba ndogo juu ya mwamba au kusini yake kidogo, na kilele upande wa kaskazini. Anayechimba kileleni anachimba pembeni ya mwamba. Ule unaoelekea kaskazini na kusini una shida nyingine: uga unapita kwa urefu wake, na alama inaweza kushuka hadi sehemu moja kwa tano ya ile ambayo ungeitoa chini ya uga uliosimama wima. Mkato mzima unaweza kuonekana kama shanga zilizotawanyika. Zaidi ya hayo, mwamba wa chuma una usumaku wake wa kale ulioganda ndani yake, usioelekea kokote tunakotarajia leo. Kwa hiyo kabla ya kuamini bonde au kilele, pita na chombo juu ya mwamba unaoonekana kwa macho, mahali unapojua ulipo, na uone kwako unaandika nini. Hiyo ndiyo kamusi yako. Mahali pengine wana ya kwao.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 ndege zilipita juu ya karibu Tanzania yote zikipima usumaku, mistari ikiwa kilomita moja moja. Data hizo ziko Dodoma, kwenye Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini. Zinakuonyesha ukanda, lakini leseni ya mita 316 inaweza kulala nzima kati ya mistari miwili isiguswe. Upimaji wa ndege wa kina zaidi ulikuwa umefika asilimia 16 ya nchi Wizara ya Madini ilipotangaza lengo la kufikia asilimia 50 ifikapo 2030. Pengo lililobaki ndilo la mchimbaji mwenyewe kulijaza kwa miguu.

Na hapa narudi kwenye fedha. Leseni moja inahitaji chombo siku mbili. Baada ya hapo kitakaa. Kikundi chenye leseni sita zilizopakana kikichanga, hata protoni iliyotumika inakuwa mzigo wa kubebeka, na kikiunda, fundi mmoja anatosha kwa wote. La muhimu zaidi ni kwamba mwamba hausimami kwenye bikoni. Mstari unaokatika ghafla ndani ya hekta 10 zako unaweza kuwa umesogezwa mita 40 na ufa unaopita kwa jirani, na hutalijua hilo mpaka daftari lake liwekwe kando ya lako. Hekta 60 zilizopimwa kwa mistari ileile, kwa kituo kimoja cha kurudia, zikachorwa kwenye karatasi moja, zitaonyesha mahali ambapo leseni moja moja ingeonyesha doa. Pale penye mkatiko chimba mtaro mmoja wa mita moja kwenda chini, ukikingama na mwamba, kabla ya kufungua duara. Toa mawe kila nusu mita, yapange kwa mpangilio wake, na uanze tena na ile sumaku ya spika kwenye uzi.